Kutoka Makao Makuu hadi Handakini: Mkakati, Muundo na Ufanisi wa Jeshi

Hotuba hii ilitolewa jijini Mwanza mbele ya wanajeshi wastaafu, walimu, watumishi wa umma na wanafunzi wa uongozi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wote waliotaka kuhudhuria wakakosa nafasi. Picha na ramani zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliolitumikia Jeshi la Wananchi, walimu wenzangu, ndugu zangu mliotoka Musoma, Bukoba, Geita na Ukerewe, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma: wazee shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Naomba tuanzie hapa hapa nyumbani. Mwishoni mwa Machi 1979, tukiwa vitani na Idi Amin wa Uganda, ndege ya kivita ya Libya iliyokuwa ikimsaidia, aina ya Tupolev Tu-22, ilikuja juu ya Mwanza kwa nia ya kuteketeza matangi ya mafuta. Ilikuwa ndege yenye uwezo wa kuruka kwa kasi kuliko sauti, silaha ambayo nchi nyingi za Afrika wakati ule zisingeweza kuinunua wala kuitunza. Mabomu yake hayakuyagusa matangi. Yaliangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama waliokuwa wakihifadhiwa pale. Baadhi yenu mliomo humu ukumbini mliusikia mlipuko ule kwa masikio yenu.

Nauliza: siku ile ni nini kilichoshindwa? Ndege ilifika. Mabomu yalilipuka. Fedha zilikuwapo, na nia ya kutuumiza ilikuwapo. Nionavyo mimi, kilichokosekana ni kitu ambacho hakionekani kwenye gwaride: utaratibu wa kumwezesha mwenye silaha kupata habari sahihi kutoka kwa mwenye vita, na kamandi moja inayowajibika kwa wote wawili. Libya ilikuwa na silaha, Idi Amin alikuwa na vita, na kati yao hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kusema: hili ndilo lengo, hii ndiyo sababu yake, na nitajibu mimi likikosewa.

Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema leo. Jeshi hufanya kazi vizuri au vibaya kulingana na njia ambayo amri hupita kushuka na njia ambayo habari hupita kupanda. Mkakati mzuri ukipita katika muundo mbovu hufika chini ukiwa umechelewa, umepotoshwa au haupo kabisa, na muundo ambao haukujengwa kwa ajili ya mkakati uliopo huwachosha askari bure.

Kwa mkakati ninamaanisha uamuzi wa kitu gani kinatafutwa vitani, kwa njia gani na kwa gharama gani. Kwa muundo ninamaanisha nani yuko chini ya nani, nani anaruhusiwa kuamua nini bila kuuliza, nani anamlisha na kumpa risasi nani, na taarifa zinapita wapi. Kuhusu ufanisi, nawaomba tusiishie kwenye kushinda tu. Jeshi linalofika mwisho wa vita likiwa limewapoteza watu ambao lingeweza kuwaokoa, au ambalo huvunjika mara moja linapopata pigo la kwanza, halina ufanisi hata kama bendera yake ndiyo inayopepea.

Ndugu zangu, twendeni Tanga, Novemba 1914.

Waingereza walileta kutoka India askari wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Upande wa pili Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na takriban watu 1,000, wengi wao askari Waafrika, na miongoni mwao walikuwamo Wanyamwezi na Wasukuma. Nani kati yetu, akiambiwa hesabu hiyo peke yake, angewapa nafasi hao 1,000? Hata hivyo, baada ya siku chache za mapigano Waingereza walirudi melini wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 waliouawa, waliojeruhiwa au waliopotea, na wakaacha nyuma bunduki, bombomu (bunduki za rashasha) na risasi nyingi ambazo Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu baadaye.

Watu wengi husimulia habari ya nyuki walioshambulia askari siku ile, na ni kweli nyuki walikuwapo. Lakini nyuki hawakuchagua upande. Tazameni muundo. Kikosi cha Aitken kilikusanywa haraka kutokana na vikosi ambavyo havikuwahi kufanya mazoezi pamoja, na vingine vilikuwa vya kiwango cha chini. Kilikaa melini kwa wiki kadhaa. Jeshi la wanamaji lilikuwa na mambo yake na jeshi la nchi kavu lilikuwa na mambo yake, kiasi kwamba nahodha wa manowari Fox aliwaarifu wakuu wa Tanga kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa, na kwa taarifa hiyo Wajerumani wakapata muda wa kujipanga. Maofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walioijua nchi hii, walitoa msaada wao ukakataliwa. Upelelezi wa maana haukufanywa. Aitken alikuwa na mkakati, nao ulikuwa rahisi kuueleza: kuiteka bandari, kuiteka reli, kumaliza vita. Hakuwa na chombo cha kuutekeleza.

Na upande wa pili? Jeshi la kikoloni la Wajerumani lilikuwa limegawanywa katika kombania 14. Kila kombania ilikuwa na askari wasiozidi mia mbili hivi, maofisa na masajini wake, bombomu zake na wapagazi wake yenyewe. Kombania moja iliweza kutembea, kula na kupigana bila kungoja mtu mwingine ailetee chochote. Lettow alizipakia kombania hizo kwenye reli ya Usambara kutoka Moshi, zikawa zinashuka Tanga moja baada ya nyingine na kuingia vitani kila moja ikiwa kamili. Mkakati wake haukuwa kuiteka Afrika Mashariki yote. Ulikuwa kuwashughulisha Waingereza wengi iwezekanavyo, kwa muda mrefu iwezekanavyo, ili wasipelekwe Ulaya. Kwa mkakati wa namna hiyo, kombania ndogo zinazojitegemea ndizo hasa zilizohitajika, na ndiyo sababu alikuwa bado anapigana Novemba 1918, kusini mwa Kasama, katika nchi ambayo leo inaitwa Zambia, alipopata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya; baadaye mwezi huo akasalimisha silaha huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala.

Mtindo huo wa kumpa kamanda wa chini lengo na kumwachia njia ulitokana na pigo kubwa. Mwaka 1806 Napoleon alilivunja jeshi la Prussia huko Jena na Auerstedt, na maofisa kama Gerhard von Scharnhorst wakajiuliza kwa uchungu kwa nini jeshi lenye sifa namna ile limeanguka kwa siku moja. Jibu lao, lililokuja kukamilishwa na kizazi kilichofuata, lilikuwa kuwa na maofisa wanadhimu waliosomeshwa pamoja, wanaofikiri kwa namna inayofanana, ili kamanda aliye mbali aweze kuamua mwenyewe bila kupotoka nje ya nia ya mkuu wake. Ninyi mnaoishi na uvuvi wa dagaa hili halina ugeni kwenu. Tajiri wa mtumbwi hubaki mwaloni. Humwambia nahodha wapi avue na arudi lini, lakini saa ya kuvuta wavu huamuliwa na yule aliye chini ya taa, katikati ya maji, anayeona dagaa wanavyokusanyika.

Kabla sijaondoka Tanga, kuna jambo lazima niliseme, kwa sababu vitabu vingi vya sifa hulipita haraka. Kombania zile zilijitegemea kwa sababu zilibebwa mabegani na watu wetu. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, kwa malaria na kwa kuhara, kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuandikwa popote. Muundo wa jeshi hauishii kwa aliyevaa sare. Anayebeba unga wa askari yumo ndani ya muundo, na jeshi lisilomhesabu linajidanganya kuhusu gharama ya ushindi wake.

Sasa naomba nikae kwa muda mrefu zaidi katika vita vyetu wenyewe.

Ili kuuelewa mwaka 1978 ni lazima turudi Januari 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na kesho yake uasi ukafika Tabora. Walitaka mishahara bora na walitaka maofisa Waafrika wachukue nafasi za Waingereza. Serikali ililazimika kuomba msaada wa makomandoo wa Uingereza, waliotua tarehe 25. Fikirini fedheha hiyo: nchi iliyopata uhuru miaka miwili tu iliyopita inamwita mkoloni wa jana aje kuwanyang'anya silaha askari wake. Mwalimu Nyerere angeweza kuwafunga viongozi wa uasi, kupandisha mishahara na kuliacha jeshi lilivyo. Hakufanya hivyo. Alilivunja. Tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Mrisho Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza, na vijana wakachukuliwa kutoka Jeshi la Kujenga Taifa na umoja wa vijana wa TANU.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu Mwalimu aliona kwamba muundo aliourithi ulijengwa kwa mkakati wa watu wengine. Jeshi la mkoloni lilikusudiwa kumlinda mkoloni dhidi ya wananchi, likiongozwa na wageni na likitengwa na jamii kambini. Ukitaka kuilinda nchi huru kwa kuwategemea raia wake, huwezi kukitumia chombo hicho kwa kukibadilisha jina. Mwaka 1971, baada ya Amin kutwaa madaraka Uganda na baada ya TANU kutoa Mwongozo, mafunzo ya mgambo yalipanuliwa vijijini na sehemu za kazi. Mkakati ulikuwa kwamba taifa maskini haliwezi kugharimia jeshi kubwa la kudumu, kwa hiyo liwe na jeshi dogo lenye nidhamu na raia wengi wanaojua kushika bunduki. Muundo ukafuata: jeshi, JKT, mgambo, na nyuma yao mabalozi wa nyumba kumi kumi waliomjua kila mtu kwa jina.

Muundo huo ulipimwa mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuukalia ukingo wa kaskazini wa mto Kagera. Wazee mnakumbuka. Kyaka daraja likavunjwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, watu wakauawa na wengine wakakimbia na watoto mgongoni. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema maneno ambayo hata watoto waliozaliwa juzi wanayajua: sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, na uwezo wa kumpiga tunao.

Uwezo tunao! Lakini nawauliza kwa heshima zote: siku ile ile alipoyatamka, uwezo ulikuwa wapi? Ulikuwa umetawanyika. Vikosi vilikuwa mbali na Kagera, vingine kusini kabisa mwa nchi. Ilibidi reli ya kati, ambayo imefika Mwanza tangu 1928, ibebe askari na silaha hadi hapa ziwani, na meli ziwavushe kwenda Bukoba. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa kazi hiyo. Na katika pilikapilika hizo za mwanzo lilitokea jambo la kuumiza sana huko Musoma: ndege za kivita za Tanzania zilitunguliwa na mizinga ya Tanzania yenyewe, kwa sababu wapiga mizinga hawakuwa wamearifiwa kwamba ndege zetu zingepita.

Nawaomba tulitazame tukio la Musoma bila kumtafuta wa kumlaumu. Rubani alitii amri. Mpiga mizinga alitii amri, tena alifyatua kwa shabaha. Kila mmoja alikuwa na ufanisi katika nafasi yake, na matokeo yakawa msiba. Kilichokosekana kilikuwa waya mmoja wa mawasiliano kati ya wawili hao, mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujua mambo ya pande zote mbili na kuwaambia. Ninapowasikia watu wakisema kwamba ushujaa peke yake hushinda vita, huwakumbuka marubani wale.

Nchi ilijifunza haraka. Jeshi lililokuwa na watu pungufu ya 40,000 lilipanuka kwa wiki chache hadi kuzidi 100,000, wakiwamo maelfu ya mgambo. Hapa ndipo maandalizi ya miaka saba ya vijijini yalipojibu. Hakuna serikali inayoweza kuwatoa makumi ya maelfu ya watu majumbani, kuwapa bunduki na kuwaweka chini ya amri kwa muda mfupi namna ile, ikiwa watu hao hawakuwahi kufundishwa kupanga mstari pamoja. Uganda ya Amin isingethubutu kuwapa silaha wananchi wake. Sisi tulithubutu, na silaha hizo zilielekezwa mpakani.

Lakini wingi peke yake hautoshi, na mahali pa kulionyesha hilo ni Lukaya.

Mapema mwaka 1979 majeshi yetu yalikuwa yamevuka mpaka. Masaka ilikuwa imeanguka tarehe 24 Februari, na brigedi kadhaa zilikuwa chini ya divisheni moja, Divisheni ya 20, ambayo kamanda wake alikuwa Meja Jenerali David Msuguri, mzaliwa wa Butiama na askari mkongwe wa King's African Rifles. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201, ambayo wengi wa askari wake walikuwa mgambo, iliingia Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala inayopita katikati ya vinamasi. Majeshi ya Amin, yakisaidiwa na Walibya, yalishambulia kwa makombora ya Katyusha. Wale mgambo hawakuwahi kukutana na moto wa namna ile. Wengi walitaharuki wakakimbia.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye somo. Jeshi lisilo na muundo, brigedi yake ya mbele ikikimbia, vita vimekwisha, kwa sababu woga husambaa barabarani haraka kuliko habari. Lakini Msuguri hakuwa na brigedi ile peke yake. Aliwapanga upya askari wa 201, na Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ikapewa amri ya kugeuka. Ilitembea usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 11 ikaibukia barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Walibya na Waganda wakajikuta wamebanwa mbele na nyuma, wakapata hasara kubwa, na njia ya Kampala ikafunguka. Amri moja, kamanda mmoja, brigedi mbili zinazoitikia sauti moja. Kuvunjika kwa sehemu hakukuwa kuvunjika kwa jeshi zima.

Linganisheni na upande wa pili. Katika mapigano hayo hayo Luteni Kanali Godwin Sule, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Amin uwanjani, aliuawa, na baada ya kifo chake kamandi yao ilisambaratika. Kwa nini kifo cha mtu mmoja kiliumiza kiasi hicho? Tanzania ilipoteza maofisa katika vita hivyo na vikosi vikaendelea. Jibu liko katika miaka iliyotangulia. Tangu mapinduzi ya Januari 1971 Amin aliwaua askari wengi wa Kiacholi na Kilangi, akawapandisha watu vyeo kwa uaminifu kwake binafsi, akawashusha aliowaogopa, na akaweka idara ya usalama ya kuwapeleleza maofisa wake mwenyewe. Katika mazingira hayo, ni ofisa gani angempelekea mkuu wake habari mbaya? Ni nani angethubutu kuamua jambo bila kuagizwa? Kila uzi uliishia mkononi mwa mtu mmoja. Vikosi vyake vilikuwa na majina ya kutisha, Simba, Chui, Suicide, lakini kikosi jirani hakikuwa na hakika kama mwenzake angesimama. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna hoja ninayoisikia sana siku hizi, hasa kutoka kwa vijana waliosoma uongozi wa makampuni, kwamba dawa ya kila taasisi ni kugawa madaraka kwa wa chini. Hoja hiyo ina ukweli, na mfano wa Tanga unaiunga mkono. Lakini makamanda wa Amin nao walikuwa na uhuru mkubwa, uhuru wa kupora, wa kuamua nani afe, wa kuondoka kwenye mstari wa mbele na gari lililojaa mali. Uhuru huo haukuwa na mtu wa kuujibia. Kamanda wa chini anapoachiwa aamue, ni lazima awe amefundishwa nia ya mkuu wake, ni lazima akaguliwe baadaye, na ni lazima ajue kwamba raia aliye mbele yake analindwa na sheria. Bila hayo, kugawa madaraka ni kuligawa jeshi vipande.

Nitoke sasa nje ya eneo letu, maana mataifa tajiri nayo hayakusalimika.

Tarehe 24 Aprili 1980 Marekani ilituma kikosi Iran kwenda kuwaokoa raia wake waliokuwa wakishikiliwa mateka mjini Tehran. Helikopta nane ziliruka kutoka manowari ya Nimitz. Mpango ulitaka angalau sita ziwe nzima. Dhoruba ya vumbi na hitilafu za mitambo zikazitoa kazini njiani na kituoni hadi zikabaki tano nzima, na operesheni ikasimamishwa. Wakati wa kuondoka, usiku, katika vumbi la jangwani, helikopta moja ikagonga ndege ya mizigo iliyojaa mafuta. Watu wanane wakafa.

Askari wale walikuwa miongoni mwa waliofunzwa vizuri kuliko wote duniani. Lakini helikopta zilikuwa za jeshi la wanamaji, marubani wengi walikuwa wa kikosi cha maji na nchi kavu, ndege za mizigo zilikuwa za jeshi la anga, na wavamizi walikuwa wa jeshi la nchi kavu. Kwa kulinda siri, hawakuwahi kufanya mazoezi kamili wote pamoja. Marekani haikulichukulia jambo lile kuwa bahati mbaya ya hali ya hewa. Baada ya uchunguzi, na baada ya matatizo mengine kuonekana Grenada mwaka 1983, bunge lao lilipitisha mwaka 1986 sheria iliyobadilisha kamandi yote: makamanda wa maeneo wakapewa mamlaka juu ya majeshi yote yaliyo chini yao, na ofisa asiyewahi kufanya kazi na jeshi jingine akawekewa kizuizi cha kupanda hadi ujenerali. Tazameni walipogusa: walibadilisha njia ya kupanda cheo. Ukitaka kujua taasisi inathamini nini kwa kweli, soma orodha ya waliopandishwa vyeo.

Kuhusu Ufaransa mwaka 1940 nitapita haraka. Walikuwa na vifaru vingi na vizuri, lakini sehemu kubwa waliwatawanyia askari wa miguu, ilhali Wajerumani walivikusanya vyao katika divisheni na kuviwekea redio. Makao makuu ya Jenerali Gamelin pale Vincennes hayakuwa na redio kabisa. Adui alivuka mto Meuse karibu na Sedan tarehe 13 Mei, na kabla ya Juni kwisha Ufaransa ilikuwa imetia saini mkataba wa kusitisha vita. Amri za makao makuu zilikuwa zikielezea uwanja wa vita uliokwisha badilika.

Mfano wa mwisho unatuhusu sisi wa utumishi wa umma kuliko tunavyopenda kukiri. Juni 2014 mji wa Mosul nchini Iraq ulianguka mikononi mwa wapiganaji ambao kwenye karatasi walikuwa wachache sana wakilinganishwa na divisheni za serikali zilizoulinda. Kwenye karatasi! Mwishoni mwa mwaka huo Waziri Mkuu Haider al-Abadi aliliambia bunge kwamba wamegundua askari hewa 50,000. Majina yalikuwapo, mishahara ilikuwa ikitoka, watu hawakuwapo. Sisi Watanzania neno hewa tunalijua vizuri, lakini tumezoea kulihesabu kama wizi wa fedha. Katika jeshi ni zaidi ya wizi. Baghdad ilipanga ulinzi wa mji kwa kutumia askari wasiokuwapo, kwa sababu kila ngazi ilipeleka juu hesabu iliyoifaa. Mkakati wowote uliojengwa juu ya ripoti hizo ulikuwa umekwisha kushindwa kabla risasi ya kwanza haijalia.

Kwa hiyo, makamanda wa kesho mliokaa nyuma, mtakapokabidhiwa kikosi, ofisi au idara, msianze kwa kuchora visanduku vya vyeo. Anzeni kwa kumuuliza aliye chini kabisa: ukikosa amri kwa saa kumi na mbili, utafanya nini? Kisha muulizeni: mara ya mwisho ulipopeleka habari mbaya juu, ulitendewaje? Majibu hayo mawili yatawaeleza kuhusu jeshi lenu kuliko gwaride lolote.

Na kwenu, wazee wetu, nina ombi. Habari za vita vya Kagera tunazozisoma ni za majenerali, na ni haki yao. Lakini namna muundo ulivyofanya kazi inajulikana kwa wengine: dereva wa lori lililochukuliwa, mfanyakazi wa reli aliyepanga mabehewa, baharia aliyevusha askari kwenda Bukoba, kijana wa mawasiliano aliyebeba redio mgongoni, mama aliyepika kambini. Wengi wenu mmo humu mjini na katika vijiji vya kandokando ya ziwa, na umri unakwenda. Nawaomba wanafunzi wangu wawafuate majumbani, wakae chini, waandike. Waambieni nani aliwapa amri, ilichukua muda gani kuwafikia, mlifanya nini ilipochelewa, na ni nani aliyesahauliwa kupewa chakula. Pale mlipoona jambo limekwenda vibaya, lisemeni lilivyokuwa. Hakuna kitakachopungua katika heshima yenu. Karatasi na kalamu ziko pale mlangoni, na kuna watu watatu wa kuandika majina ya walio tayari kusimulia.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.